Deni la mvuvi halitakiwi kwisha

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Najua maneno yangu yatazidi kipimo mlichozoea, lakini nakuomba usiyakate, maana nimekaa nayo tangu Jumapili ya juzi niliposoma makala ya mwandishi wako kuhusu wavuvi wa Pwani. Aliandika kwamba adui wa kwanza wa bahari ni mvuvi mwenyewe. Anakokota juya, ule wavu mkubwa unaoburuta kila kitu, anatega nyavu za macho madogo, anavunja matumbawe, kisha anarudi kulia kwamba samaki wamekwisha. Dawa alizotoa ni mbili: elimu na askari.

Sikatai kwamba hayo yapo. Mimi ni mzaliwa wa Mkwiro, kisiwani Wasini, kusini mwa Pwani ya Kenya, na juya nimelikokota nikiwa mtoto nisiyejua hata kuhesabu mafungu. Baadaye nikawa mpishi wa meli kwa miaka kumi na tisa, na tangu nishuke nchi kavu nauza samaki wa bahari hapa Majengo, Pumwani, Nairobi. Kilichoniuma ni kwamba makala yale yalitaja wavu karibu kila aya, wala hayakuuliza hata mara moja ni nani aliyeununua ule wavu.

Jibu la swali hilo nililikuta mbali sana na kwetu. Naomba wasomaji wanivumilie niwapeleke Indonesia kwanza.

Mwaka 2008 meli yetu iliharibika mashine tukatia nanga Makassar, mji mkuu wa jimbo la Sulawesi Kusini. Tulikaa wiki saba tukingoja kipuri. Mkubwa wa mabaharia wetu alikuwa mtu wa huko huko. Nilipomwambia kwamba wazee wetu walimwita mtu wa kazi yake serahangi, alinishika mkono akanitazama kama ndugu aliyepotea, kwa sababu wao husema serang. Alinichukua kwao mara nne, kila safari siku mbili tatu. Kwao ni kisiwa kimojawapo katika visiwa vya Spermonde, vilivyotapakaa mbele ya Makassar, zaidi ya mia kwa idadi. Indonesia nzima ina visiwa zaidi ya 17,000, kwa hiyo kisiwa chao kwenye ramani ni kama chembe ya mchanga. Sitakitaja jina. Nitazungumza habari za madeni ya watu, na deni la mtu ni siri ya nyumba yake.

Kisiwa hicho unakizunguka kwa miguu kabla ubwabwa wa jikoni haujaiva. Nyumba zimebanana, nyingi zimeinuliwa juu ya nguzo, na chini yake kuku, nyavu na watoto. Maji ya visimani yana chumvi, ya kunywa yalikuja kwa madumu kutoka Makassar. Umeme ulikuwa wa jenereta, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, kisha giza na sauti ya mawimbi. Sisi Mkwiro tulikua tukikinga maji ya mvua kwenye birika kwa sababu kisiwa chetu nacho hakina kisima cha maji matamu, basi sikuhitaji kuelezwa thamani ya dumu moja.

Nilisikia lugha yao nikadhani masikio yananichezea. Bendera kwao ni bendera, dunia ni dunia. Habari ni kabar, wakati ni waktu, na msimu ni musim. Nilipoona mitumbwi yao yenye marengu mawili ubavuni nikakumbuka ngalawa zetu. Wataalamu wengi wanasema ufundi ule ulikuja Afrika na mabaharia wa visiwa vile zamani za kale, wale wale ambao lugha yao bado inazungumzwa Madagaska. Ijumaa tuliswali safu moja. Kwa hiyo, Mhariri, sikwenda pale kama mtalii. Nilihisi nimekwenda kwa watu wetu, na pengine ndiyo maana nililoliona liliniingia.

Kule mvuvi wa kawaida huitwa sawi, na mwenye boti, mashine na mtaji huitwa punggawa. Kwetu tungesema baharia na tajiri. Punggawa humpa sawi boti, mafuta, mchele wa nyumbani, pesa za harusi, pesa za mtoto mgonjwa. Sawi naye humpa punggawa samaki wake wote, kwa bei ambayo punggawa anaipanga, na bei hiyo iko chini ya ile ya soko la Paotere kule Makassar. Makubaliano ndiyo hayo. Hakuna karatasi iliyotiwa saini.

Ndugu mdogo wa serahangi alikuwa sawi. Kazi yake ilikuwa kuzamia jongoo bahari na chewa. Walikuwa hawatumii mitungi ya hewa kama wazamiaji wa hoteli. Wana kompresa, ile ile ya kujazia upepo magurudumu, imefungwa juu ya boti, na kutoka hapo mpira mrefu ambao mzamiaji anauuma kwa meno anashuka nao. Anakaa chini muda mrefu, kwa kina kirefu, kisha anapanda haraka kwa sababu mwenzake anangoja zamu. Hewa iliyoingia kwenye damu kule chini hugeuka mapovu akipanda kwa pupa. Kijana yule alikuwa na miaka ishirini na sita. Siku moja alipanda akakaa kwenye ukingo wa boti, akaomba maji, na alipotaka kusimama miguu haikumsikia. Kwao huitwa lumpuh. Nilipomkuta, miezi minane baadaye, alikuwa anatembea ndani ya nyumba kwa kushika ukuta, na ukuta wa mbao ulikuwa umeng'aa kwa kimo cha kiganja chake, mstari mmoja kutoka kitandani hadi mlangoni.

Deni lake kwa punggawa lilikuwa rupia 11,000,000, kama Sh75,000 za wakati ule. Serahangi alikuwa na mishahara yake ya miezi mingi. Akaniambia, twende ukanishuhudie, leo namkomboa ndugu yangu.

Tulikaribishwa chini, juu ya jamvi. Punggawa alikuwa mzee Haji, kofia nyeupe, sauti ya chini, mtu wa heshima kabisa. Akamwita mjukuu alete kahawa. Daftari lake la shule lilining'inia kwenye msumari ukutani, na penseli imefungwa kwa kipande cha mshipi isipotee. Alilishusha, akalipanguza vumbi, akafungua ukurasa wa yule kijana. Serahangi akaweka bahasha. Mzee akaifungua, akahesabu, akatoa milioni mbili akaziweka chini ya sahani ya kikombe. Zilizobaki akazirudisha ndani ya bahasha, akamsukumia mwenzangu taratibu. Akasema maneno marefu ambayo sikuyaelewa, huku akitabasamu, na mwenzangu akainamisha kichwa.

Tulipotoka nikamwuliza, vipi, mzee amekusamehe nyingine? Akasema hapana. Amekataa kulipwa. Amesema yule kijana ni kama mwanawe, hakuna haraka baina ya watu wa nyumba moja, pesa hizo anunuliwe mashine. Tukatembea kidogo, kisha akaongeza jambo ambalo sijalisahau hadi leo: "Nikilimaliza deni, kesho ndugu yangu na wenzake watauza Paotere kwa wanayemtaka. Haji hataki pesa yetu. Anataka samaki wetu."

Sisi husema dawa ya deni ni kulipa. Nimeyasema maneno hayo mara nyingi nikidhani ni ya haki kwa pande zote mbili. Siku ile ndipo nilipojua kuna deni ambalo mdai mwenyewe hataki lilipwe, kwa sababu likiisha, kamba imekatika.

Na kuna jambo gumu zaidi, ambalo nalisema ili nisimpake mzee wa watu matope. Tulipofika nyumbani tukamweleza mgonjwa kwamba deni bado lipo, kijana alishusha pumzi kama mtu aliyeponea. Aliogopa kukombolewa. Usiku ule miguu ilipokufa ni Haji aliyewasha boti yake kumpeleka hospitali Makassar. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa ni Haji aliyelipa. Benki haikufika pale kisiwani, na hata ingefika, ingeomba hati ya shamba kwa mtu ambaye shamba lake ni maji. Punggawa alikuwa bima, benki, gari la wagonjwa na mzee wa ukoo, vyote katika kofia moja. Mwenye kutaka kumwondoa ajiulize kwanza ataweka nini mahali pake.

Sasa turudi kwenye wavu wa mwandishi wako. Kuanzia Desemba hadi Februari au Machi kule ni musim barat, upepo wa magharibi na mvua, bahari imechafuka, wavuvi hawatoki siku nyingi. Kwetu bahari huchafuka hivyo wakati wa kusi, upepo wa kusini wa katikati ya mwaka. Nyumba inakula mkopo. Bahari ikitulia, mvuvi anatoka akiwa tayari anadaiwa mchele aliokwisha kuula, na samaki atakaompata ameshapangiwa bei ya chini. Kama bei ni nusu, anahitaji samaki mara mbili. Hesabu hiyo haihitaji elimu zaidi ya ile aliyonayo. Atatafuta njia ya kuwapata mara mbili.

Njia zilikuwepo, na tajiri ndiye aliyezileta. Baruti za kurushwa majini zilitoka kwa mwenye mtaji. Kompresa ilitoka kwake. Sianidi, ambayo wao huiita bius kwa maana ya dawa ya kulevya, ilitoka kwake pia. Hiyo ni kwa ajili ya kumlewesha chewa mwekundu, sunu, atoke kwenye shimo lake akiwa hai, kwa sababu mlaji wa Hong Kong anamtaka akiogelea kwenye tangi la mkahawa. Sheria ya Indonesia inakataza yote hayo. Lakini anayekamatwa ni kijana aliye majini na chupa mkononi, na anayekwenda kumtoa ni punggawa, na gharama ya kumtoa inaandikwa kwenye lile lile daftari. Umeona, Mhariri? Askari wakizidi, deni linazidi.

Nilizamia na miwani mahali walipopigia baruti miaka ya nyuma. Palikuwa kama eneo la mjengo lililomwagwa kokoto, vipande vya matumbawe vimelala, na wimbi likipita vinabingirika. Serahangi alinieleza kwamba tumbawe changa haliwezi kushika pale, maana kila linaposhika, kokoto inageuka na kulisaga. Ndiyo maana pigo la sekunde moja linakaa miongo.

Serikali yao haikukaa kimya. Mwaka 1998 ilianza mpango mkubwa wa kuhifadhi matumbawe, COREMAP. Siku hizi kwenye visiwa vya Bontosua na Badi, huko huko Spermonde, watu wanafunga vipande vya matumbawe kwenye vyuma vyenye umbo la nyota vilivyopakwa mchanga, wanaviunganisha juu ya ile kokoto isibingirike. Watafiti waliopima miamba hiyo walitangaza mwaka 2024 kwamba ndani ya miaka minne ilikuwa inakua kwa kasi ya miamba yenye afya. Nilifurahi mno kuyasoma hayo, kwa sababu hata kwetu Mkwiro na Wasini vijana na akina mama wanaotesha matumbawe, na kuna siku nilizama kuyatazama nikapanda na machozi ndani ya miwani. Lakini mwamba ukirudi na samaki wakarudi, watauzwa kwa nani, na kwa bei ya nani? Hilo swali linanikosesha usingizi kuliko chuma cha nyota.

Na sasa lazima niseme la kwangu.

Kila alfajiri napokea maboksi meupe kutoka basi la usiku la Mombasa. Nafungua kifuniko, nafunua matamvua ya samaki mmoja mmoja. Yakiwa mekundu, moyo unatulia. Yakiwa na rangi ya tope, najua barafu iliyeyuka Shimoni, bandari iliyo mkabala na kisiwa chetu, kabla samaki hajapanda lami, na najua ni nani atakayekatwa pesa. Dereva hakatwi. Mimi sikatwi. Anakatwa aliyevua.

Mwaka 2013, katikati ya kusi, binamu yangu alinipigia kutoka Mkwiro. Nyavu zake zilikuwa zimechanika kwenye mwamba. Nikamtumia Sh18,000. Sikumpa sharti lolote, yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Samaki wote ni wako sasa, kaka." Nikaandika kwenye daftari. Samaki aina ya changu walikuwa wakinunuliwa Shimoni Sh250 kilo, mimi nikampa Sh180, nikawauza Majengo Sh500. Niliona ni halali yangu, kwani nimemsaidia. Kisha ikaja karo, nikaongeza. Mkewe akajifungua kwa upasuaji, nikaongeza. Miaka miwili baadaye deni lilikuwa Sh31,000 na alikuwa hajakosa kuniletea samaki wiki hata moja ambayo bahari ilikubali.

Siku moja nikasikia amemuuza nguru mkubwa kwa mnunuzi wa hoteli Diani, pesa taslimu. Nikampigia nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Alinyamaza. Kisha akasema, "Basi nipe hesabu yote, nijikaze nikulipe." Nikamjibu, "Sisi ni ndugu, hakuna haraka."

Nilipotamka hayo nilisikia sauti ya Haji wa Spermonde inatoka kinywani mwangu. Nilikaa juu ya ndoo pale kibandani, simu mkononi, wateja wakiniita.

Usiku ule nilipiga hesabu. Kilo ishirini hivi kwa wiki, tofauti ya Sh70 kila kilo, karibu wiki mia. Hata nikiondoa wiki za dhoruba, kwa tofauti ya bei peke yake binamu yangu alikuwa amenilipa zaidi ya Sh100,000. Nilimkopesha kama elfu arobaini kwa jumla, na bado nilikuwa namdai thelathini na moja. Hakuna mkopeshaji wa Majengo, hata yule tunayemwogopa sote, anayetoza riba hiyo. Nami sikuwa nimejiona mkopeshaji. Nilijiona ndugu mwema.

Nililifuta. Leo nikimkopesha mvuvi, mkopo ni mkopo na samaki ni samaki. Anarudisha kidogo kidogo kwa simu, kiasi tulichokubaliana, na akipata bei nzuri Diani au Ukunda auze huko kwa baraka zangu. Faida yangu imepungua, nakiri, na kuna wiki nimekosa changu kabisa nikauza tafi wadogo tu. Binamu yangu ameacha kwenda na watu wa juya. Sikumhubiria. Alisema tu kwamba kwa bei ya sasa malema, ile mitego ya kusukwa, na mshipi vinamtosha.

Kwa hiyo naomba mambo machache kwa mwandishi wako na kwa wakubwa watakaosoma. La kwanza ni barafu. Samaki asiye na barafu ana mnunuzi mmoja tu, yule aliyesimama ufukweni saa ile. Kule Spermonde mabonge ya barafu yalivuka kutoka Makassar kwa boti ya punggawa, na aliyeishika barafu aliishika bei. Bandari ya uvuvi ya Shimoni imezungumzwa sana, na mimi nangoja nisikie barafu ya mvuvi wa mtumbwi itapatikana kwa nani, saa ngapi na kwa bei gani. Vikundi vyetu vya usimamizi wa fuo, BMU, vina kanuni zake tangu 2007. Kama kikundi kingekuwa na mashine yake ya barafu na mfuko wake wa kukopesha wakati wa kusi, tajiri kama mimi angelazimika kununua samaki kwa bei ya kweli.

Mkopo usifungwe kwenye samaki, wala kwenye kitu kingine cha bahari. Naona mambo haya haya yakinyemelea mwani. Zanzibar kilimo cha mwani kilipoanza 1989 wanunuzi waliwapa akina mama kamba na nyuzi, na aliyechukua kamba alijua mwani wake utauzwa kwa nani. Sasa Kibuyuni, ng'ambo tu ya kwetu, akina mama wanalima, na hata Mkwiro. Indonesia ni ya pili duniani kwa mwani baada ya China, na Sulawesi Kusini inaongoza kule. Ni kazi nzuri, imejenga nyumba. Dada zangu, kabla hamjachukua kamba, ulizeni bei.

Mwenye deni hata haki yake ikija inamkuta amechelewa. Mwaka 2020 meli ilifyonza mchanga wa bahari karibu na Kodingareng, kisiwa kingine cha Spermonde, kwa ajili ya bandari mpya ya Makassar, pale pale wanapovua nguru. Maji yakawa tope, na akina mama wakawa mbele kuandamana. Huku kwetu wavuvi wa Lamu walikwenda mahakamani mwaka 2012 kwa sababu ya bandari mpya iliyojengwa kwao, na Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua mwaka 2018 kwamba wavuvi karibu 4,600 walipwe Sh1.76 bilioni. Niliishangilia hukumu ile. Lakini miaka sita ni mingi. Nyumba zile zilikula kwa daftari la nani?

Kule Indonesia wameanza kuliona hili. Mwaka 2016 walitunga sheria nambari 7, ya kuwalinda wavuvi, wafugaji wa samaki na wakulima wa chumvi, na bima ya wavuvi ikaanza mwaka huo. Serahangi amestaafu kama mimi, hutumiana ujumbe. Binti wa yule ndugu yake anasoma Chuo Kikuu cha Hasanuddin, Makassar, masuala ya bahari, na likizo hurudi kisiwani kuwafundisha vijana kuandika uzito na bei ya kila siku kwenye simu zao. Babake sasa anatembea kwa fimbo na anashona nyavu za watu. Haji alifariki, Mungu amrehemu. Mwanawe alirithi boti, nyumba na lile daftari, na ukurasa wa ndugu wa serahangi bado umo.

Mwandishi wako simjui kwa sura, wala sina kinyongo naye. Namkaribisha kibandani kwangu alfajiri, basi la Mombasa likifika. Aje afunue matamvua pamoja nami, na daftari langu nitalifungua juu ya meza alisome ukurasa kwa ukurasa, kuanzia ule wa 2013.

Mpishi mstaafu wa meli na muuza samaki,
Majengo, Pumwani, Nairobi